William Blake, Mtunzi Aliyejichapia Vitabu Vyake

Mazungumzo yetu ya jioni hii ni juu ya mtunzi mmoja wa Uingereza, William Blake, aliyezaliwa London tarehe 28 Novemba 1757 na kufariki katika mji huo huo tarehe 12 Agosti 1827, ambaye kwa muda wa karibu miaka 40 alitunga mashairi yake, akayachora, akayachimba juu ya shaba, akayapiga chapa, akayatia rangi na kuyauza mwenyewe, bila msaidizi mwingine ila mkewe.

Nimemchagua kwa sababu gani? Vijana watunzi huniuliza mara kwa mara: Bwana, mswada wangu uko tayari, nani atanichapia? Swali hilo ni zito, na wanaoliuliza wana haki ya kusikilizwa kwa moyo mkunjufu. Blake naye alikutana nalo, akalijibu kwa mikono yake. Na neno moja nalitaka liwe wazi tangu sasa, maana nitalirudia: kwa Blake, kujichapia kitabu hakukuwa kimbilio la mtu aliyefungiwa milango, kulikuwa ni sehemu ya kutunga kwenyewe.

Kwanza tumjue alikotoka. Baba yake alikuwa muuza soksi katika mtaa wa Broad Street, upande wa Soho, watu wasio maskini sana wala matajiri. Mtoto hakutiwa shule kama wenziwe. Alijifunza kusoma na kuandika nyumbani, na alipofika miaka 10 akapelekwa kwa mwalimu wa kuchora. Husimuliwa kwamba siku moja, akiwa bado mdogo, alirejea kutoka matembezini Peckham Rye akasema ameona mti umejaa malaika, baba akataka kumpiga kwa kudhani anasema uongo, mama akamwombea. Naitaja habari hii kwa kuwa maisha yake yote Blake hakuacha kusema kwamba huona mambo ya ghaibu, wala hakuona haya kuyasema mbele ya watu wenye elimu na vyeo.

Mwaka 1772, akiwa na miaka 14, alifanywa mwanagenzi kwa fundi wa nakshi za shaba aitwaye James Basire, akakaa naye miaka 7. Basire alimtuma mara nyingi ndani ya kanisa kuu la Westminster Abbey, walikozikwa wafalme wa Kiingereza, akanakili sanamu za makaburini, mikunjo ya kanzu za mawe, nyuso za malkia waliolala wameunganisha viganja vya mikono. Kijana yule alikuwa akikaa peke yake na kazi hiyo kwa muda mrefu, na mtu akitazama michoro ya vitabu vyake vya baadaye atawaona watu wale wa mawe wamesimama tena, warefu, wembamba, wenye nguo zinazoteremka kwa mistari mirefu. Katika mambo yaliyomlea Blake, mimi nahesabu makaburi ya Westminster sawa na kitabu chochote alichokisoma.

Vitabu alivyosoma navyo ni vingi, lakini viwili vilimtawala: Biblia na mashairi ya John Milton. Alikuwa na desturi ambayo nawasifia wanafunzi wote, nayo ni kusoma huku kalamu iko mkononi. Pambizoni mwa vitabu vya watu aliandika majibu yake, akikubali hapa, akikasirika pale, na pengine akimkaripia mwandishi kana kwamba yupo mbele yake. Nakala yake ya hotuba za Sir Joshua Reynolds, mkuu wa wachoraji wa zama zile, imejaa ghadhabu yake kuanzia kurasa za mwanzo. Hakuacha kujifunza hata uzeeni. Alikwisha kupita miaka 60 alipojifundisha Kitaliano ili amsome Dante kwa lugha yake mwenyewe.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuje kwenye kazi yenyewe. Blake alikuwa na ndugu yake mdogo, Robert, aliyempenda kupita wote, naye alimfundisha kuchora. Mwaka 1787 Robert aliugua akafa kijana, na Blake ndiye aliyemwuguza mpaka mwisho. Baadaye Blake alisema kwamba Robert alimjia katika maono akamwonyesha namna ya kuchapa shairi na picha yake pamoja, katika bamba moja la shaba. Wengine wameicheka habari hiyo. Mimi siicheki, nasema tu kwamba maono hayo yalimjia mtu aliyekwisha kukaa na shaba miaka 15, aliyeijua tabia yake, ulaini wake na ukaidi wake.

Tuingie basi katika chumba chake cha kazi. Fundi wa kawaida wa siku zile alikuwa akichimba mistari ndani ya shaba kwa kalamu ya chuma, akaujaza wino ndani ya mistari hiyo, akaupangusa uso wa bamba, kisha akaikandamiza karatasi kwa nguvu ili iufyonze wino kutoka chini. Blake aliligeuza jambo hilo. Alitwaa bamba dogo, ambalo kwa vitabu vyake vya kwanza halikuzidi sana kiganja cha mtu mzima, akaandika shairi juu yake kwa rangi nzito isiyolika kwa tindikali, na kandokando ya maneno akachora mti, mtambaazi, mtoto, ndege au mwali wa moto. Akalizungushia bamba ukingo wa nta, akamimina tindikali, akakaa kulichunga kwa saa kadhaa, mpaka shaba yote isiyokingwa ikaliwa na kushuka, maneno na picha zikabaki zimeinuka. Hapo akapaka wino juu ya palipoinuka, bamba na karatasi vikapitishwa baina ya magogo mawili ya mtambo, na ukurasa ukatoka.

Na maneno hayo yote aliyaandika kinyume. Wewe uliyesoma chuoni utaniambia kuwa kuandika kutoka kulia kwenda kushoto si ajabu kwetu, nami nakubali. Walakini Blake aligeuza na umbo la kila herufi, kama lionekanavyo kwenye kioo, ili ukurasa ukitoka usomeke sawasawa. Fikiri mtu anayeandika ushairi namna hiyo, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka. Herufi moja ikikosewa, haifutiki kwa urahisi. Ndipo nasema tena: huyu kutunga kwake na kuchapa kwake vilikuwa kazi moja, na mwenye kuvitenga atakuwa hamjui.

Kwa njia hiyo alitoa Songs of Innocence mwaka 1789, na mwaka 1794 akaiunganisha na Songs of Experience, vikawa kitabu kimoja chenye mabamba 54. Shaba ilikuwa ghali, kwa hiyo mabamba mengi ya kitabu cha pili aliyachonga nyuma ya mabamba ya kile cha kwanza. Nakala zake hazifanani. Moja ina rangi za maji nyepesi, nyingine ina rangi nzito na dhahabu. Na hata mpangilio wa mashairi aliubadilisha, shairi lililotangulia katika nakala hii likafuata katika nakala ile. Mteja alipoagiza kitabu, Blake alikichapa, akakitia rangi, na pengine mkewe akakishona.

Mkewe huyo, Bibi Catherine, hatuna budi kumtaja kwa heshima kamili, maana bila yeye tusingekuwa na mazungumzo haya. Waliooana mwaka 1782 walikuwa kijana fundi na binti wa mkulima wa mboga wa Battersea, ambaye siku ya ndoa alitia alama ya msalaba mahali pa sahihi yake. Mumewe alimfundisha kusoma na kuandika, akamfundisha kushika mtambo, akamfundisha kuchanganya rangi, na yeye akawa mwenzi wa kazi yote. Waliowajua wamesimulia kwamba Blake aliposhikwa na ilhamu usiku, akaamka kuandika, Catherine naye aliamka akaketi karibu yake kwa saa nyingi bila kusema wala kufanya lolote, kwa sababu kuwapo kwake tu kulimtuliza mumewe. Na alfajiri mara nyingi ni Blake aliyetangulia kuamka, akakoka moto na kuteleka birika kabla mkewe hajaondoka kitandani. Wamesimulia pia kwamba fedha zilipokwisha, naye mume hataki kusikia habari za fedha, Catherine alikaa kimya mpaka wakati wa chakula, akamwekea mezani sahani tupu. Hapo Blake alifahamu, akaacha maono yake kwa muda, akarudi kwenye kazi za ujira.

Kazi za ujira ndizo zilizomlisha. Naomba jambo hili msilipite, enyi mnaotunga. Blake hakuishi kwa vitabu vyake mwenyewe. Aliishi kwa kuchonga picha za vitabu vya watu wengine. Lakini tazameni jinsi kazi ile ya riziki ilivyoingia katika utunzi wake. Mwenye duka la vitabu aitwaye Joseph Johnson alimpa kazi ya kuchonga picha za kitabu cha John Gabriel Stedman juu ya koloni la Surinam, kilichotoka mwaka 1796, na ndani ya picha zile walikuwamo Waafrika watumwa katika mateso ambayo mtu hawezi kuyatazama kwa utulivu. Blake aliyatazama kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, maana ilimpasa kuyachora mstari kwa mstari. Na katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1793, akatoa kitabu chake Visions of the Daughters of Albion, ambamo utumwa unalaaniwa waziwazi. Sisi wa pwani hii, tulio na makumbusho yetu wenyewe ya biashara ile, tuna sababu ya kumsoma mtu huyu kwa sikio la karibu.

Je, alikuwa akitungaje? Hapa ndipo penye fundisho kubwa kwa wanaoshika kalamu. Mwaka 1803 Blake alimwandikia rafiki na mnunuzi wake, Thomas Butts, kwamba ameandika utenzi mrefu kwa kusomewa imla na nguvu isiyo yake, mistari 12, au 20, au 30 kwa mara moja, bila kufikiri kwanza na hata bila kutaka. Mwenye kusikia hayo atasema: basi, mashairi yalimshukia tu, yeye alikuwa mfereji. Lakini tuna ithibati nyingine, nayo ni daftari lake.

Daftari hilo lilikuwa la Robert, ndugu yake marehemu. Robert alikwisha kuchora kurasa chache za mwanzo, na Blake akalirithi, akalitumia kwa muda wa miaka 30 au karibu yake. Lilipojaa upande mmoja aliligeuza juu chini akaanza upya kutoka nyuma, akaandika baina ya picha, juu ya picha na pembezoni mwa picha, kwa wino na kwa penseli, ili pasipotee mahali patupu. Mwaka 1847 mshairi Dante Gabriel Rossetti alilinunua kwa shilingi 10, na leo limehifadhiwa London katika maktaba ya taifa. Ndani yake limo shairi lake mashuhuri kuliko yote, lile la chui milia, The Tyger, na limo katika hali ya vita: maneno yamekatwa, mengine yameandikwa juu yake, nayo yamekatwa, beti zimehamishwa nambari, beti moja imejaribiwa na kuachwa, kisha ikarudiwa.

Basi tuamini lipi, barua au daftari? Mimi naamini yote mawili. Mtu yule alisikia sauti, nami sina shaka kwamba aliisikia kwa ukweli wa moyo. Lakini sauti ikisha kunyamaza aliketi na kile alichopewa, akakikwangua, akakipima, akakikata, kwa subira ile ile aliyojifunza kwa Basire juu ya shaba. Fundi wetu wa milango ya Lamu hupewa ubao mzuri na msitu, lakini nakshi haichipui juu ya ubao kama jani. Anayengoja ilhamu bila kushika patasi atangoja mpaka uzeeni, na anayeshika patasi bila ilhamu atapata ubao uliokwanguliwa. Blake alikuwa na vyote viwili, na daftari la Robert ndilo shahidi.

Tena tusisahau kwamba mashairi yake aliyaimba. Waliomsikia ujanani wameandika kwamba alikuwa akiziimba nyimbo zake mbele ya wageni kwa sauti alizozitunga mwenyewe, na kwamba wajuzi wa muziki walizisifu. Sauti hizo zimepotea. Kwetu shairi lisiloimbika huonekana lina kasoro, na kwa hivyo hasara hii sisi twaihisi pengine kuliko hata watu wa nchi yake.

Sasa yaja maswali ya dunia: aliuza? Alisomwa? Mwezi Oktoba mwaka 1793 alitoa tangazo kwa watu wote, akieleza njia yake mpya ya uchapaji na kuorodhesha vitabu vyake pamoja na bei zao. Songs of Innocence ilikuwa shilingi 5, na kitabu chake America shilingi 10 na nusu. Katika tangazo hilo alisema kwamba watunzi na wachoraji wameishi katika ufukara na kutojulikana kwa sababu hawakuwa na njia ya kuzieneza kazi zao wenyewe, na sasa yeye ameipata njia hiyo. Maneno yake yalikuwa ya mtu mwenye matumaini makubwa. Wateja walikuwa wachache. Hata hivyo vitabu vilitembea mkono kwa mkono: mshairi Wordsworth aliyanakili baadhi ya mashairi yake, na mshairi mwenziwe Coleridge mwaka 1818 aliazimwa nakala akairudisha na maoni yake juu ya kila shairi.

Kuna tukio moja linaloniumiza kila nilifikiripo. Mwaka 1809 alifanya maonyesho ya picha zake katika nyumba ile ile aliyozaliwa, juu ya duka la soksi ambalo sasa lilikuwa la kaka yake James, akaandika na kuchapisha maelezo marefu ya kila picha. Waliokuja walikuwa wachache, na gazeti moja tu, The Examiner, ndilo lililoandika habari zake, likamwita mwendawazimu wa kuhurumiwa. Mtu wa miaka 51, mwenye vitabu vyote vile nyuma yake! Baada ya hapo alikaa miaka mingi karibu kusahauliwa. Lakini hakuacha kazi. Alikuwa akiendelea na Jerusalem, utenzi wake wa mabamba 100, ambao alianza kuuchonga tangu mwaka 1804, na ambao nakala yake iliyokamilika kwa rangi ni moja peke yake. Katika barua ya Aprili 1827, miezi michache kabla ya kufa, alimwambia rafiki yake kwamba nakala hiyo imemaliza muda wake mwingi na hadhani atapata wa kuinunua. Barua hiyo hiyo inataja bei mpya ya kitabu chake cha Songs: pauni 10 na shilingi 10.

Je, alikosea kushikilia njia yake? Angeweza kuyapeleka mashairi kwa mchapaji wa kawaida, akaridhika na herufi za risasi zilizopangwa na mtu mwingine. Alikwisha kujaribu: mashairi yake ya ujana yalichapwa hivyo mwaka 1783 kwa fedha za marafiki, yasiuzwe madukani, na utenzi wake juu ya mapinduzi ya Ufaransa ulipangwa kwa herufi na Johnson mwaka 1791, kisha haukutolewa kamwe. Rai yangu ni hii. Kwa kujichapia alipoteza wasomaji wa maisha yake, na huo ni msiba, wala tusiwadanganye vijana kwamba si msiba. Lakini shairi la Blake lililonyang'anywa picha yake limepunguzwa, na yeye alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo kijana akiniuliza kama ajichapie, nami humwuliza: ndani ya kitabu chako kuna jambo gani ambalo hakuna mwingine awezaye kulitia ila wewe? Akiwa nalo, na akiwa na kazi nyingine ya kumlisha, na awe na ustahimilivu, basi ajichapie.

Siku za mwisho Blake alikaa katika vyumba viwili, Fountain Court, karibu na mto Thames, akizungukwa na wachoraji vijana waliomheshimu kama mzee wao, na mmoja wao, John Linnell, alimlipa kwa kumchorea kitabu cha Ayubu na kile cha Dante. Aliifanya kazi ya Dante akiwa mgonjwa, kitandani. Siku ya kufa kwake alimchora mkewe, kisha akaimba. Catherine aliishi miaka minne zaidi, na katika miaka hiyo alichapa nakala nyingine kutoka mabamba yale yale, akaziuza. Mabamba ya Songs yenyewe yamepotea yote. Kilichosalia katika shaba zote za vitabu vile ni kipande kimoja tu cha bamba la America. Mwaka 1863 ndipo kilipotoka kitabu cha Alexander Gilchrist juu ya maisha yake, na tangu hapo Uingereza ikaanza kumhesabu miongoni mwa washairi wake wakubwa.

Wakati wetu umekwisha, mabibi na mabwana. Juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujalia uzima, tutamzungumzia Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekuwa hai katika zama za Blake na kufariki mwaka 1840, naye hakuchapa kitu maishani mwake. Tutatazama jinsi Mwalimu Sikujua alivyoyakusanya mashairi yake kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka. Wenye kuhifadhi beti za Muyaka walizozipokea kwa wazee wao, nawaomba watuandikie mapema, wataje na jina la mji walikozisikia. Kwaherini.